Mshahara wa Zimamoto

Hadithi ya mumiani ina kanuni zake, na wazee wa kijiweni kwetu Ilala walizishika sawasawa. Gari sharti liwe jekundu, au la kijivu lisilo na madirisha, na usiku liende bila taa. Aliyechukuliwa apewe nusu ya utambulisho: yule Mmanyema aliyekuwa akichoma mishikaki Mnazi Mmoja, au shemeji wa seremala fulani ambaye sasa kahamia Kilosa na hawezi kuulizwa. Msimuliaji asiwe ameona chochote kwa macho yake, ila awe anamfahamu mtu aliyeponea chupuchupu. Halafu ije bei. Mtu mzima mwenye afya kauzwa shilingi ngapi, aliyemuuza kalipwa taslimu au kaambiwa arudi mwisho wa mwezi, dalali kapata chake au kadhulumiwa. Aliyesahau bei alikatizwa kabla muuza kahawa hajamimina kikombe cha pili. Bei ndiyo iliyokuwa utamu wenyewe.

Kanuni hizi nazijua kuliko wengi, maana baba yangu alikuwa zimamoto.

Vijana ambao kwao Faya ni kituo tu cha mabasi ya mwendokasi katika Barabara ya Morogoro huenda wakashangaa kwamba neno zimamoto liliwahi kumkimbiza mtoto chini ya kitanda. Enzi za ukoloni, tangu miaka ya 1920 hivi, Mombasa, Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na hata katika vijiji ambavyo gari la zimamoto halijawahi kufika, ilisemwa kwamba askari hao huwinda Waafrika usiku, huwatumbukiza shimoni, huwatoa damu kwa mipira mpaka ndoo zijae, na damu ile hutengenezwa dawa ya Wazungu. Serikali inajua. Serikali ndiyo inayolipa.

Dawa yenyewe ilikuwapo kweli, na hapo ndipo hadithi iliposhika mizizi. Mumiani ilikuwa kitu cheusi mfano wa lami, kilichokuja na vyombo kutoka Uajemi na Bara Hindi, kikauzwa madukani pwani kwa waliovunjika mifupa. Mmisionari Krapf aliitia katika kamusi yake iliyochapwa 1882. Ilipotoka kamusi ya Johnson mwaka 1939, maelezo yalikuwa yameongezeka: wengi, ilisema, wanaamini dawa hiyo ni damu ya watu. Katikati ya kamusi hizo mbili ndipo walipoingia Mjerumani na kodi yake ya kichwa, kisha Mwingereza na magari yake.

Kila nchi ilijipatia wauaji wake. Uganda walikuwa bazimamoto. Kongo ya Mbelgiji walikuwa batumbula. Northern Rhodesia, Zambia ya leo, waliitwa banyama, na huko waliosingiziwa zaidi miaka ya 1930 walikuwa Mapadri Weupe. Bara kwetu walikuwa chinjachinja. Mwaka 1923 serikali ya Tanganyika ilianzisha gazeti lake la Kiswahili, Mambo Leo, na kabla mwaka huo haujaisha likachapisha barua ya mumiani ya mtu aliyejiita Adiyisadiki. Mimi hufurahi sana nikilifikiria hilo. Serikali inafungua gazeti ili iseme na raia, na raia wanaitumia nafasi hiyo kuizungumzia ndoo ya damu.

Lakini kwa nini zimamoto, asiwe tarishi au bwana shamba?

Jibu, kwa maoni yangu, liko kwenye mshahara. Mfanyakazi wa siku zile alilipwa kwa kipande. Ilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30. Ukimaliza kazi ya siku, karani au mnyapara anatia alama, na alama zisipotimia thelathini hupati fedha yako. Ukiugua siku tatu, mwezi unarefuka siku tatu. Watu waliotoka kwenye mashamba ya mkonge wakaja mjini waliyajua malipo kwa namna hiyo: jasho kwanza, alama, kisha shilingi. Sasa tembea nao mpaka kwenye kituo cha zimamoto. Wanawakuta wanaume wazima, wenye sare safi, wamekaa kivulini kutwa nzima kando ya gari linalong'aa. Wanapiga shaba msasa. Wanakunjua mpira, wanaukunja tena. Moto hauonekani. Mwisho wa mwezi wanalipwa, tena mshahara kamili.

Na moto wa Waswahili haukuwa wao. Mji ulikuwa umegawanywa: Uzunguni ya mawe na bustani, Uhindini ya maduka, na Uswahilini ya miti na udongo, paa za makuti au madebe. Baba alisema mwenyewe kwamba nyumba ya makuti ikishika moto, kabla gari halijapata njia ya kupenya huwa limebaki jivu na watu wanaolia. Kwa hiyo Mswahili wa Ilala alimwona zimamoto akipita, hakumwona akizima. Mtu mwenye akili timamu lazima aulize huyu analipwa kwa kazi gani. Hesabu ilikuwa wazi: kama kazi ya mchana haionekani, basi ipo ya usiku. Sioni ujinga hapo. Ni uchumi wa watu waliojua kwamba Mzungu hatoi hela bure.

Mwanahistoria wa Kimarekani Luise White alizikuta hadithi hizi miaka ya 1970 alipokuwa akiwahoji bibi wazee wa Pumwani, Nairobi, kuhusu biashara yao ya malaya ya zamani. Mwaka 2000 akatoa kitabu kizima juu ya hadithi hizo. Hakuhangaika sana kuuliza kama damu ilinyonywa; alitaka kujua watu walikuwa wanazungumza nini walipozungumza damu. Katika habari alizokusanya yumo mwanamke wa mjini mwenye chumba chenye shimo chini ya kitanda. Mwanamume anaingia na tamaa zake, anakaa, anadidimia, na huko chini wanamsubiri wenye ndoo. Ukiisikiliza vizuri utagundua hadithi hiyo inajibu swali lililowakera wanaume wengi wa Pumwani, nalo ni hili: mwanamke asiye na mume kapata wapi fedha za kujenga nyumba? Ni masengenyo, tena ya wivu. Ila yamepambwa vizuri.

Nakubaliana na White, na naongeza jambo nililolisikia kwa masikio yangu: watu walicheka. Nilitumwa mafuta ya taa dukani nikajichelewesha makusudi nyuma ya baraza, na niliyoyasikia hayakuwa maombolezo. Kulikuwa na mzee fundi cherehani aliyeiga mlio wa gari la zimamoto kwa mdomo, halafu akaiga ukimya wa gari lilelile likizimwa mlimani lishuke bila injini. Wenzake walishikana mikono kwa hofu na kwa kicheko, vyote pamoja. Hakukuwa na sinema ya bei ile. Kahawa senti chache, kashata, na kila msikilizaji ana haki ya kuongeza kipande chake: mmoja anatia daktari mwenye miwani, mwingine anatia mbwa, wa tatu anasema hapana, siku ile mvua ilikuwa inanyesha. Uani nako mama na jirani zake walikuwa na toleo lao, lililosimuliwa wakati wa kusukana. Humo mumiani alipenda zaidi watu walioringa.

Je, waliamini? Mtu wa barazani angekwambia mambo haya ni ya kweli tupu, kisha angeagana na baba yangu kwa heshima, amuulize hali ya watoto, na Ijumaa wakae safu moja msikitini. Asubuhi baba alikuwa jirani. Usiku, akiwa hayupo, alikuwa mnyonya damu. Zilikuwa zamu mbili, na watu walijua ni ipi inayoendelea.

Baba naye aliicheza. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mpenda bao, na sifa ya mumiani ilimfaa kuliko alivyokiri mbele ya mama. Nyumba yetu haikuibiwa hata siku moja. Waliomkopa walirudisha. Mtoto mmoja wa jirani alimuuliza kwa ujasiri wote wa miaka yake sita, "Baba Mkubwa, leo mmempata mtu?" Baba akakuna kidevu, akamjibu, "Leo hapana, mwanangu. Wote waliopita walikuwa wembamba." Mtoto alikimbia akipiga kelele za furaha, na kesho yake alirudi na wenzake wanne kuuliza swali lilelile.

Mzaha huo ulikoma mwaka 1959. Mwaka huo Buguruni, ambako wakati ule kulikuwa pembezoni mwa mji, umati wa watu ulimuua askari polisi katika ghasia zilizozuka kwa tuhuma za mumiani. Uhuru ulikuwa hauko mbali, TANU ilikuwa imejaa kila mtaa, watu walikuwa na hasira na polisi kwa sababu nyingine nyingi tu zisizohitaji damu ya ndooni. Lakini hadithi ilikuwa tayari mkononi, imenolewa miaka arobaini kwenye mabaraza, na siku hiyo mtu akaitumia kama inavyotumika silaha. Fundi cherehani hakuwapo Buguruni. Sidhani kama hata mmoja wa wazee wetu alikuwapo. Kuanzia wiki ile baba alirudi nyumbani na nguo za kiraia. Sare aliikunja akaiweka katika kapu la sokoni, juu akatandaza mchicha. Mama alikataza kabisa mzaha wa watu wembamba usirudiwe mlangoni kwake, na haukurudiwa.

Karibu na wakati huohuo, Kampala, mahakama ilimfunga mtu miaka mitatu kwa kujaribu kumuuza mwenzake kwenye kituo cha zimamoto. Huyu ndiye aliyeisikia bei barazani akasahau kwamba yuko barazani. Ilibidi magazeti yaandike kwamba zimamoto hawanunui watu. Fikiria mhariri anayelazimika kuandika sentensi hiyo! Na fikiria ilivyopokewa kijiweni: kama hawanunui, wametangaza ya nini? Mbona hawajatangaza kwamba posta hawanunui watu? Kanusho la serikali lilikuwa chakula kipya. Serikali za kikoloni hazikuwahi kulielewa hili, na za baada yake sijui kama zimelielewa. Malawi, wakati wa njaa ya mwaka 2002, watu wa kusini walisema serikali inabadilishana damu ya raia na chakula cha msaada, na Rais Bakili Muluzi ikambidi akanushe hadharani. Ndoo ileile, ila sasa mnunuzi ni mfadhili.

Kwetu nilidhani Uhuru ungeiua habari hii. Maofisa wakawa Waafrika, baba akapanda cheo kidogo, kisha akastaafu. Damu ikapungua midomoni. Lakini baraza haliwezi kukaa na swali la nani analipwa kwa kazi isiyoonekana bila kulitafutia jibu, na baada ya vita vya Kagera majibu yakahamia kwenye maghala. Sukari hakuna, sabuni hakuna, khanga kwa foleni, na foleni yenyewe unaambiwa ilikwisha jana. Sukari imekwenda wapi? Redio Mbao ilijua. Inapakiwa usiku kwenye majahazi. Imefukiwa chini ya sakafu ya nyumba fulani Upanga. Iko Zanzibar, iko Mombasa, iko tumboni mwa mkubwa.

Mwezi Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanzisha msako wa wahujumu uchumi. Zaidi ya watu elfu moja walikamatwa, sheria maalumu ikapitishwa mwaka huohuo, na kumbe Redio Mbao ilikuwa imesema kweli kwa sehemu: bidhaa zilikuwa zimefichwa. Wengine walizitupa usiku ili wasikutwe nazo. Ungetegemea baraza lishangilie. Lilishangilia siku mbili tatu, likachoka. Orodha ya vitu vilivyokamatwa ilikuwa ya saruji, vitenge, betri, mabati, mafuta ya kupikia; hakuna gari lisilo na taa, hakuna shimo, na mmiliki ni mwenye duka yule yule tuliyemjua siku zote. Ukweli ulikuwa na sura ndogo mno. Wazee wakarukia mara moja ngazi ya juu: hawa ni dagaa, papa yuko wapi? Tarehe 12 Aprili 1984 Sokoine akafa kwa ajali ya gari mkoani Morogoro, akirudi kutoka bungeni Dodoma, na papa akapata kazi ya miaka mingi. Yaliyosemwa siyarudii hapa. Mtu yule ana watoto.

Kwa burudani tupu, isiyomuua mtu isipokuwa kwa uchovu wa kuchimba, naipenda zaidi mali ya Mjerumani. Niliikuta Tabora nilipopelekwa kufundisha, na Tabora ndiko mahali pake hasa.

Wakati wa vita vya kwanza Waingereza waliifunga bahari, na serikali ya Kijerumani ikaishiwa sarafu. Mwaka 1915 ikaanza kuchapa noti Dar es Salaam. Mwaka 1916, makao yakiwa yamehamia Tabora, karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha fedha: heller 5 na 20 za shaba, na, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke kule Iramba, sarafu za rupia 15. Zilitengenezwa zaidi kidogo ya 16,000. Upande mmoja kuna tembo amepandisha mkonga, nyuma yake mlima. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji wakauteka mji.

Hayo ndiyo ya vitabuni. Barazani Tabora hakuna aliyekuwa na haja na 16,000. Kulikuwa na makasha. Makasha yalipakiwa kwenye mabehewa, mabehewa yakarudi matupu, na wapagazi waliobeba hawakuonekana tena, kwa sababu, bila shaka, walizikwa pamoja na mzigo. Kuna jiwe lenye mshale. Kuna miembe mitatu iliyopandwa kwa mstari, na ukipiga hatua kadhaa kutoka ule wa kati... Hapo msimuliaji hunyamaza, maana idadi ya hatua haitolewi bure. Kila mtalii mzee wa Kijerumani aliyeshuka kwenye treni na kupiga picha ya boma alikuwa mjukuu aliyekuja na ramani. Nilimwona mmoja, na kweli alikuwa na ramani. Ilikuwa ya njia za treni.

Nilijaribu kuwa mwalimu. Nilisema jeshi linalokimbia halina muda wa kuchimba mashimo yaliyopimwa, na fedha iliyotengenezwa kwa sababu ya uhaba haiwezi kubaki ya kufukia. Mzee mmoja, mstaafu wa reli, mwenyeji wa Ujiji, akaniuliza kwa upole kama naijua meli ya Liemba.

Naijua. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikiitwa Graf von Goetzen, ikafumuliwa, ikaletwa Dar es Salaam katika makasha yapatayo 5,000, ikapandishwa treni na kuunganishwa upya Kigoma. Julai 1916, Wajerumani walipoona Kigoma inawatoka, waliizamisha wenyewe ziwani. Kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo grisi nene, ili isiliwe na kutu. Iliibuliwa na Waingereza mwaka 1924, ikasafishwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, mitambo ikiwa katika hali iliyowashangaza watu.

"Basi, Mwalimu," akasema mzee, "mtu anayepaka grisi ni mtu anayekwenda moja kwa moja?"

Ilibidi ninyamaze kidogo, na baraza zima likaona. Nikasema vizuri, tuseme walikusudia kurudi. Na walirudi kweli: kuanzia 1925 Mwingereza aliwaruhusu Wajerumani kuingia tena Tanganyika, wakanunua mashamba na kulima. Miaka kumi na minne walikuwa hapa, kabla ya vita vya pili. Kama mali ilikuwapo, wangeichimbua wakati huo, ikaisha.

"Ndiyo," mzee akasema, "waliichimbua."

"Sasa ninyi mnachimba nini?"

"Ile waliyofukia mara ya pili."

Wenzake wakapiga makofi. Muuza kahawa, ambaye alikuwa amesimama muda wote na birika lake bila kuuza kitu, akaniambia raundi hiyo nilipe mimi, kwa kuwa ndiye niliyeshindwa.